Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu Zanzibar: vya bure vipo tele, vifikisheni darasani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Katibu Mkuu, Afisa Mdhamini wetu wa Pemba, na wote nyie mnaokaa Mazizini, makao makuu ya wizara, mkipanga mambo ya skuli zetu.

Assalamu alaykum.

Mie ni mwalimu wa fizikia na hesabu, skuli ya serikali, Pemba upande wa kaskazini. Jina naliweka kando, si kwa uoga ila nataka mnisomee hoja yangu sio sura yangu. Na naandika huku mtandaoni mana barua ya kupitia kwa mwalimu mkuu, afisa elimu wilaya, mkoa, mpaka ivuke bahari iende Unguja ina safari yake, nyingine zikifika aliyeziandika keshahamishwa skuli.

Jambo langu ni moja. Kila tukisikia habari za TEHAMA kwenye elimu tunasikia inakuja apu mpya, inakuja tovuti mpya, mfumo mpya, mkandarasi keshapatikana, uzinduzi wiki ijayo. Jamani naomba msitengeneze tena. Vya kufundishia vimeshatengenezwa na watu wenye uwezo kuliko sie, vimefanyiwa majaribio miaka mingi, na vingi havina hata senti. Kilichobaki ni safari ya kutoka intaneti mpaka kwenye dawati la mtoto wa Kojani au Kisiwa Panza, visiwa vidogo vya Pemba, na safari hiyo sasa hivi anailipia mwalimu kwa bando lake la mfukoni. Sisi tunaadhimisha kila mwaka ile tarehe 23 Septemba 1964 ilipotangazwa elimu bila malipo, na tuna haki ya kuadhimisha, ila leo kuna upande mzima wa elimu ambao mlango wake ni vocha.

Ntawapa mfano mmoja ili tusiongee hewani. Kidato cha pili tuna mada ya umeme, saketi, ukinzani, mambo ya betri na taa. Skuli yetu kuna chumba kimeandikwa maabara mlangoni, ndani mna stuli zilizovunjika miguu na chupa za kemikali ambazo lebo zake zimeshafutika hakuna anayethubutu kuzifungua. Sasa miaka yote hii mada unaichora ubaoni, mstari hapa, duara pale weka alama ya X, hiyo ndio taa, watoto wanakopi, mtihani unakuja wanafeli. Basi nikaazima projekta kituo cha walimu, nikatundika shuka jeupe ubaoni, nikafungua PhET kwenye laptopu yangu. PhET ni majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye kompyuta, yametoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, ilianzishwa 2002 na Carl Wieman ambaye mwaka mmoja kabla alipata Nobel ya fizikia, kwa hiyo si mambo ya mtu aliyekaa tu akabuni. Unavuta betri, unavuta waya, unavuta taa, unaunganisha, vidoti vya elektroni unaviona vinatembea ndani ya waya. Ukiongeza volti vinakwenda mbio na taa inazidi kung'ara.

Nikamwita mtoto mmoja wa nyuma aje ashike mausi. Yeye akachukua waya akaunganisha upande huu wa betri na upande ule, taa hakuiweka. Betri ikawaka moto pale kwenye shuka. Darasa zima "inaunguaaa!", mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani kuna nini. Walipotulia msichana mmoja akauliza, kwani mwalimu ile taa ndio ilokuwa ikiuzuia umeme usipite wote? Hapo nikakaa kimya nikawaacha wabishane wenyewe. Ukinzani ule niliokuwa nikiuchora miaka yote waliupata wao kwa wao kabla sijaandika neno ubaoni, na waliokuwa wakibishana walikuwa wakibishana kwa Kiswahili, ndipo tukarudi kwenye Kiingereza cha mtihani. (Kuna majaribio ya PhET yaliyokwisha tafsiriwa Kiswahili, watu wengi hawajui.)

Sasa sikilizeni sehemu ya maana. Siku hiyo hatukutumia intaneti hata MB moja. Lile faili nilishalishusha kabla, unalihifadhi kwenye flashi, linafunguka kwenye brauza ya kawaida kama unavofungua picha. Nikawagawia walimu wenzangu wa skuli za jirani, mmoja kanambia kwa miaka yote alidhani lazima uwe na mtandao ndio maana hajawahi kuligusa. Huyu si mvivu wala haichukii teknolojia, hajaambiwa tu, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kumwambia.

Na si PhET peke yake. Kuna Kolibri, ya shirika la Learning Equality, halitafuti faida, ipo tangu 2017 na ilitengenezwa makusudi kwa skuli zisizo na intaneti. Inavokwenda ni hivi, unachukua laptopu moja hata kuukuu, au kile kikompyuta cha Raspberry Pi kilichotolewa Uingereza 2012 ambacho ni saizi ya kadi ya benki, unakijaza masomo ukiwa penye mtandao mzuri, tuseme Chake mjini. Halafu unakipeleka skuli unakichomeka. Kinatoa waifai yake chenyewe. Kompyuta au tableti za skuli zinajiunga pale, mtoto anafungua brauza, anaangalia vidio za hesabu za Khan Academy, anafanya zoezi, anasahihishiwa hapohapo, na mwalimu kwenye skrini yake anaona fulani kakwama kwenye hesabu za sehemu na fulani keshamaliza. Menyu zake zipo na Kiswahili. Umeme ukikatika kile kidogo unakitia pawabenki kinaendelea, na hili la umeme nalisema kwa sababu nyote mnajua Pemba tunauvuta kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, alhamdulillah hali si ile ya majenereta, lakini tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ya skuli ikimalizika imemalizika mpaka ruzuku iingie.

Kuna Kiwix nayo, inakupa Wikipedia bila mtandao. Ya Kiingereza nzima pamoja na picha ni faili la GB mia na kitu, linaingia kwenye diski ya kutia mfukoni, ya Kiswahili ni ndogo sana inakaa hata kwenye simu. Kuna GeoGebra ya hesabu ambayo Markus Hohenwarter aliianza 2001 akiwa mwanafunzi Salzburg huko Austria, unaandika y = ax² unasogeza kitufe cha a, mtoto anaona mkunjo unafunguka na kujifunga, ukimaliza hapo humwambii tena akariri. Kwa wadogo kuna katuni za Ubongo Kids, za hapahapa Tanzania na Kiswahili chetu. Hadithi za African Storybook zipo za Kiswahili na leseni yake inaruhusu kuzichapisha kwenye karatasi, skuli isiyo na hata kompyuta moja inafaidika. Halafu kuna hazina ambayo hata walimu wa kidato cha nne wengi hawajaifungua, zile ripoti za NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Mule wamekuwekea swali, wakakuonyesha jibu la mtoto aliyepatia na la mtoto aliyekosea, wakakwambia kakosea kwa nini. Zipo kwenye tovuti yao, PDF, bure. Mwalimu akizisoma za miaka mitatu minne hahitaji semina ya mbinu za kujibu mitihani.

Mnaona basi tatizo si uhaba wa vitu.

Tatizo la kwanza ni hilo la bando nshalisema. Mwalimu anaambiwa fungua Google Classroom, weka kazi, sahihisha. Sawa, nzuri, lakini wanafunzi simu skuli haziruhusiwi na mie sipingi katazo hilo, na nyumbani simu ni ya baba, baba kaenda dago, kambi ya uvuvi. Nani ataifungua hiyo kazi? Kinachotokea ni kuwa mambo yote yanahamia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mule ndani kazi ya hesabu ipo juu, chini yake tangazo la hitma, chini yake mtu anauza ndimu.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, nalo halihusu pesa. Ni vyumba vya kompyuta vilivyofungwa. Sitaji skuli wala mradi, mnazijua nyinyi kuliko mie. Kompyuta zililetwa, zikafunikwa vitambaa, zikapigwa picha na wageni, kisha mlango ukatiwa kufuli na ufunguo upo kwa mwalimu mkuu. Watu wanamlaumu mwalimu mkuu, wanasema mchoyo, mshamba. Mie nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka nilipokaa na mmoja tukazungumza vizuri. Kanambia hivi, mwalimu, ile ni mali ya serikali, kila kimoja kimeandikwa kwenye leja na sahihi yangu ipo chini, kikiharibika naandika maelezo, kikipotea naitwa, lakini zikikaa miaka kumi hakuna aliyezigusa siulizwi kitu na mtu yeyote. Sasa we ungefungua?

Wallahi sikuwa na jibu. Mmemuwekea adhabu ya kutumia, hamkumuwekea adhabu ya kutotumia. Kwa hiyo ombi langu la kwanza halina gharama hata ya karatasi nyingi, toeni waraka mmoja useme wazi kuwa kifaa cha kufundishia kilichochakaa au kuharibika kwa matumizi ya darasani si kosa la mwalimu mkuu, na kuwa mkaguzi akifika skuli ataulizia kilitumika vipindi gani na darasa gani kabla hajahesabu idadi. Mkifanya hilo tu kufuli zitafunguka nyingi, nawaambia.

La tatu, vitu vya bure vya mtandaoni vina tabia ya kufa, na hapa mnisikilize nyie mnaopenda kutuchagulia. Edmodo tulikuwa tukiisikia kila semina, darasa la mtandaoni, salama, bure. Ilifungwa 22 Septemba 2022. Jamboard ya Google, ule ubao wa kuandikia mtandaoni, nao ulizimwa mwisho wa 2024. Kahoot, ule mchezo wa maswali mtandaoni, watoto wanaipenda kufa, lakini ya bure ina kikomo cha wachezaji na madarasa yetu mnayajua yalivojaa. Simaanishi tusivitumie, Kahoot kwenye grupu la revisheni ni burudani tosha. Ninachosema ni kuwa wizara inapochagua kitu cha kukiingiza kwenye skuli zote ichague kile ambacho nakala yake unabaki nayo mkononi hata aliyekitengeneza akifunga duka. Kolibri, Kiwix, Moodle ya kuendeshea darasa kwenye kompyuta, hivi programu zake zipo wazi, hakuna atakayekuja kesho akasema kuanzia mwezi ujao mnalipa. Na paswedi jamani! Akaunti za skuli zinafunguliwa kwa emeili ya afisa wa mradi, mradi ukimalizika afisa anaondoka na paswedi zake, tunabaki tunagonga mlango wa nyumba yetu wenyewe.

Halafu mtandao wenyewe tuliona Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom chini ya bahari zilipopata hitilafu Tanzania nzima ikalegea, hata ujumbe wa WhatsApp ukawa unazunguka tu. Skuli iliyokuwa na masomo yake ndani ya boksi, yaani kikompyuta kama kile cha Kolibri, haikujua kama kuna jambo.

Zanzibar si wageni wa mambo haya ndio maana nasema kwa kujiamini. Sisi tulikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 70 wenzetu wengi Afrika hawana. Miaka ya 2000 kulikuwa na vipindi vya redio vya kuwafundishia watoto wa maandalizi, mlezi anawasha redio, redio inauliza, watoto wanaimba na kuruka wanajibu, na watoto wale walijifunza kwa kweli, mimi nina mdogo wangu alipitia. Corona 2020 skuli zilipofungwa masomo yakaenda ZBC, redio na televisheni ya serikali. Kila mara tulipofanikiwa ni pale tulipochukua chombo ambacho mtu anacho tayari na hakimgharimu kila siku.

Sasa nataka nini. Pemba tuna vituo vya walimu, Michakaini, Mitiulaya, Mizingani na Wingwi, na Unguja vipo vyao. Kila kituo kiwekwe seva moja yenye kila nilichokitaja hapo juu pamoja na vitabu vya kiada, ili mwalimu aje na flashi yake au simu yake achukue aondoke. Taasisi ya Elimu Zanzibar ndio wenye mitaala, wao wakae na walimu wachache wa darasani, sio wakurugenzi, wapange kuwa mada hii ya kidato cha pili inakwenda na jaribio hili la PhET na vidio hii, mana mwalimu ukimpa vidio elfu kumi bila mpangilio umempa msitu. Mtandao wa hizo seva kujisasisha usiwe taabu, mkonga wa serikali upo, ZICTIA, wakala wa miundombinu ya TEHAMA Zanzibar, wapo, ni kukaa meza moja. Na kampuni za simu ziitwe, waambiwe anwani za masomo zisile bando. Afrika Kusini walifanya hivyo kwenye corona, tovuti za elimu zikafunguka bila data, basi sisi visiwa viwili hivi tunashindwa?

Fundi naye. Kila wilaya fundi mmoja, awe na pikipiki, na kazi yake isiwe kungoja apelekewe mashine afisini. Feni ya kompyuta ikijaa vumbi inazima, inaitwa imekufa, inakwenda stoo. Vumbi tu.

Na semina. Hapa ntawaudhi baadhi ya wenzangu lakini nasema. Mafunzo ya TEHAMA yanafanywa hotelini siku tatu, walewale kila mwaka, projekta inaonyesha slaidi zenye maneno mengi, mchana biriani, jioni posho. Najua mkono mtupu haulambwi, wala sisemi posho ifutwe, mwalimu anatoka Makangale mpaka Chake nauli ni yake. Nasema mafunzo yafanyiwe kituo cha walimu, kila mtu ashike kompyuta, atoke na somo lake la wiki ijayo lipo kwenye flashi tayari kufundishwa, na wiki ya pili mtu aende darasani kwake kumwangalia. Mwalimu wa fizikia umfundishe jinsi ya kutumia PhET kufundisha saketi, usimfundishe historia ya kompyuta. Historia ya kompyuta tumeshaisoma semina zilizopita.

Kuna watakaosema, ah, siku hizi kuna akili mnemba, mwalimu anauliza simu inamjibu, haya mambo ya boksi yamepitwa. Mie naitumia, inanisaidia kutunga maswali. Lakini nayo inataka bando, na jibu lake lazima ulihakiki, na utalihakikia kwenye nini kama kitabu hamna na Wikipedia haifunguki? Tuanze na boksi.

Wengine watasema watoto watacheza gemu. Ndio, watacheza. Boksi halina intaneti, watachezea kilichomo ndani, na kilichomo ndani tumekichagua sie.

Hili halihitaji mkopo wa nje wala ujumbe wa kwenda kujifunza nchi za watu. Anzeni na kituo kimoja, kabla ya mitihani ya kidato cha pili, muone walimu wanakuja au hawaji. Mkiamua kuanza Wingwi mie nakuja na diski yangu, vyote nilivyovitaja vimo isipokuwa Wikipedia ya Kiingereza ambayo sijapata mtandao wa kuishusha. Ila siku hiyo naomba mwalimu wangu mkuu aandikiwe ruhusa mapema, kwa maandishi, nina vipindi mkondo wa asubuhi na mkondo wa jioni na hakuna wa kunishikia.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa fizikia na hesabu,
Kaskazini Pemba.

Nakala: Baraza la Wawakilishi, kamati inayoshughulikia elimu, Taasisi ya Elimu Zanzibar, na walimu wakuu wote wenye funguo.